Mkono Uchaguao Shehena



Siku moja nilikuwa nimeketi barazani kwa jirani yangu katika mtaa wa Buyenzi, redio ikisimulia habari za Gaza na za wafanyakazi wa bandari za Ulaya. Mama mwenye nyumba alikuwa akichagua maharagwe. Aliposikia habari ile aliweka ungo chini, akaniuliza: "Mzee, wewe uandikaye gazetini, hebu nieleze. Hao makuli wakikataa kupakia meli, mtoto wa Gaza anapata nini chunguni?"

Nilimjibu upesi, kama ajibuvyo mtu ambaye hajafikiri. Nilisema ni jambo la umoja wa wafanyakazi ulimwenguni, na kwamba siku zote wanyonge husaidiana. Yule mama akanitazama kidogo, akachukua tena ungo wake. Alikuwa ameniuliza habari za chungu, nami nikampa hotuba. Safu ya leo ni jibu langu la pili, na namwomba radhi kwa lile la kwanza.

Yafaa kwanza kukumbushana yaliyotokea. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliingia Israeli wakaua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, wakachukua mateka 251. Siku mbili baadaye Waziri wa Ulinzi wa Israeli alitangaza kwamba Gaza itazingirwa kabisa: hapana umeme, hapana chakula, hapana mafuta. Vita vilivyofuata, ukiondoa vipindi viwili vifupi vya kusimamishwa kwa mapigano, viliendelea kwa miaka miwili. Hadi mapigano yaliposimamishwa tena tarehe 10 Oktoba 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu wafu zaidi ya 67,000, wakiwamo maelfu kwa maelfu ya watoto.

Hizo ni hesabu za makaburi. Hesabu za jikoni nazo zipo. Tangu tarehe 2 Machi 2025 hadi katikati ya Mei, yaani muda wa majuma kumi na moja hivi, Israeli haikuruhusu gunia hata moja la msaada kuingia. Gaza ilikuwa na viwanda 25 vya mikate vilivyokuwa vikipewa unga na Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa. Ulipokwisha mwezi ule wa Machi vilifungwa vyote, kwa kukosa unga na kukosa cha kuwashia tanuri. Tarehe 22 Agosti 2025 wataalamu wa kupima njaa, ambao si watu wa kulitumia neno hilo ovyo, walithibitisha kwamba baa la njaa limeingia katika jiji la Gaza na vitongoji vyake. Watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wamekwisha fika katika hali hiyo.

Sasa tuje kwa wafanyakazi. Tarehe 16 Oktoba 2023, vita vikiwa na siku tisa tu, vyama vya wafanyakazi vya Wapalestina, au sendika kama wengi wetu huku tulivyozoea kuziita, vilipeleka wito kwa vyama vya wafanyakazi vya nchi nyingine. Niliusoma kwa makini, nikitazamia kuona ombi la unga, dawa na mahema. Sivyo ilivyokuwa. Waliwaomba wenzao wa viwandani wasitengeneze silaha za kupelekwa Israeli. Waliwaomba wenzao wa bandarini na wa viwanja vya ndege wasizisafirishe. Waliwaomba pia wapitishe maazimio hayo katika vyama vyao, wayabane makampuni yanayohusika, na wazishurutishe serikali zao ziache biashara ya kijeshi na Israeli.

Mwanzoni niliona ajabu. Mtu mwenye njaa anaomba kila kitu isipokuwa chakula? Lakini nilipofikiri niliona kwamba wale ni wafanyakazi, nao walikuwa wakisema na wafanyakazi. Kuli hana ghala la ngano, wala hana fedha za kununua dawa za hospitali nzima. Alicho nacho ni mkono wake, na mkono huo ndio upitishao mizigo yote ya dunia. Walimwomba kile alicho nacho.

Na wapo walioitikia. Tarehe 31 Oktoba 2023 vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi wa Ubelgiji viliwaagiza wanachama wao wa viwanja vya ndege wasishike shehena za silaha ziendazo kwenye vita hivyo. Tarehe 6 Novemba makuli wa Barcelona, Uhispania, walitangaza kwamba bandarini kwao haitahudumiwa meli yenye zana za vita, wakaeleza kwamba shabaha yao ni kuwalinda raia, wa nchi yoyote wawao. Mwezi wa Februari 2024 shirikisho la wafanyakazi wa bandari wa India, lenye wanachama wapatao 3,500 katika bandari kubwa 11, lilisema vivyo hivyo. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, wafanyakazi wa Piraeus huko Ugiriki walilizuia kontena la risasi lisipakiwe.

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa jambo hili si jepesi kama linavyosikika redioni. Zamani kuli aliubeba mzigo mgongoni, akaujua kwa uzito na kwa harufu: hii karafuu, hii kahawa, hii saruji. Siku hizi mizigo husafiri ndani ya makontena, makasha makubwa ya chuma yaliyofungwa kwa lakiri, yote yakifanana kama mayai. Mfanyakazi aketiye juu ya winchi hulinyanyua kasha moja baada ya jingine, naye hajui kama limebeba viatu vya watoto au mabomu. Karatasi zinazotaja kilichomo hukaa ofisini, na maandishi yake mara nyingi ni mafupi mno. Kwa hiyo, kabla ya kukataa mzigo, sharti kwanza mtu aujue mzigo wenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa Fos, bandari iliyo karibu na Marseille, Ufaransa, mwezi wa Juni 2025. Waandishi wa habari waligundua kwamba meli moja iendayo Haifa ilikuwa ichukue huko vipande vya chuma viunganishavyo risasi katika mkanda wa bunduki ya rashasha. Uzito wake ulikuwa tani 14. Serikali ya Ufaransa ilipata kueleza kwamba vifaa vya namna hiyo huuzwa Israeli kwa ajili ya kuuzwa tena nchi nyingine, si kwa vita vya Gaza. Makuli wa chama cha CGT hawakuridhika na maelezo hayo. Walilitafuta lile kontena kati ya mengi yaliyopangwa gatini, wakaliona, wakaliweka kando, wakatangaza kwamba hawatalipakia. Kwa desturi ya bandari ile, wakikataa wao hapana mtu mwingine wa kulipakia badala yao.

Na makontena mengine ya meli ileile, yaliyokuwa na bidhaa za kawaida ziendazo hukohuko Haifa? Hayo walikubali kuyapakia. Naomba wasomaji mlikumbuke jambo hili, kwa sababu nitalirudia.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanaume wenye misuli, ya winchi na kamba za meli. Basi niwahadithieni habari ya msichana wa dukani. Mwezi wa Julai 1984, katika duka moja la Dunnes mjini Dublin, Ireland, msichana wa miaka 21 aitwaye Mary Manning alikuwa ameketi penye mashine ya kuhesabia fedha. Chama chake cha wafanyakazi kilikuwa kimeagiza wanachama wasishike bidhaa za Afrika ya Kusini, iliyokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Mteja mmoja akaja na mabalungi. Mary Manning akamwambia kwa adabu kwamba hawezi kumuuzia. Akasimamishwa kazi, na wenzake wachache, karibu wote wanawake vijana, wakatoka nje pamoja naye. Wenyewe wamesimulia baadaye kwamba siku ile hawakujua mengi juu ya Afrika ya Kusini. Walilijua agizo la chama chao, na mengine walijifunza wakiwa wamesimama mvuani mbele ya duka. Walisimama karibu miaka mitatu, wakiishi kwa posho ya mgomo ya pauni 21 kwa juma. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ilipiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika ya Kusini. Mwaka 1990 Nelson Mandela alipofika Dublin, aliwaona.

Hawakuwa wametuma hata senti moja Soweto. Waliyakataa mabalungi tu.

Afrika ya Kusini yenyewe, baada ya kupata uhuru, haikuusahau msaada wa namna ile. Mwezi wa Aprili 2008 meli ya Kichina iitwayo An Yue Jiang ilifika Durban ikiwa na silaha za kupelekwa Zimbabwe, wakati nchi hiyo ilipokuwa katika msukosuko wa uchaguzi. Makuli wa chama cha SATAWU walikataa kuzishusha, na meli ikaondoka. Mwezi wa Februari 2009, baada ya vita vya majuma matatu huko Gaza, chama hichohicho kilikataa kushusha mizigo ya Israeli kutoka katika meli iitwayo Johanna Russ.

Lakini hapa sina budi kusimama, kwani msomaji wa Burundi hawezi kulisikia neno "kukataa mizigo" bila moyo kumshtuka.

Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1996 tunakumbuka. Tarehe 31 Julai mwaka ule, baada ya mapinduzi yaliyotokea siku chache kabla, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakatuwekea vikwazo vya biashara. Nchi yetu haina pwani. Unga wa ngano, saruji, na mafuta ya magari hutujia kwa safari ndefu, sehemu kubwa kutoka Dar es Salaam. Njia zilipofungwa, petroli iliuzwa kwa vidumu vya magendo, bei za sokoni zikapanda juma kwa juma, na mwenye mshahara mdogo akaona mshahara wake unakwisha kabla ya mwezi kufika nusu. Mwaka 1997 vyakula na mahitaji ya kilimo viliondolewa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa, na Januari 1999 vikwazo vyote vikasimamishwa. Si kazi ya safu hii kuamua upya nani alikuwa na haki mwaka ule. Nasema tu kile ambacho kila mama wa nyumba wa Bujumbura anakijua: wakubwa wanapofunga njia ya mizigo yote kwa pamoja, wa kwanza kuhisi ni chungu, na wa mwisho kuhisi ni wale waliokusudiwa. Wapo hata walionenepa.

Kwa sababu hiyo mimi sikupendezwa na kila tendo lililotendwa kwa jina la Palestina katika miaka hii. Mtu apigaye kelele kwamba kila kitu kisimame, kila meli irudi, kila mlango ufungwe, namwogopa kidogo, hata akiwa rafiki. Mawazo yake yanafanana na ya yule aliyetangaza kwamba Gaza haitapata umeme wala chakula. Wale wa Fos walinipendeza kwa kuwa walichagua. Kontena moja likawekwa kando, mengine yakaenda zake. Mkono ule ulijua kutofautisha risasi na shati.

Makuli wa Genoa, Italia, walifika mbali zaidi. Miaka kadhaa nyuma, mwaka 2019, walikuwa wamekataa kuhudumia meli ya Saudia kwa sababu ya vita vya Yemen. Kwa hiyo hapana awezaye kusema kwamba kwao damu ya taifa moja tu ndiyo yenye rangi nyekundu. Mwezi wa Agosti 2025, palipotayarishwa msafara wa mashua za kiraia za kupeleka chakula Gaza, watu wa Genoa waliombwa kuleta vyakula. Zilikusanywa tani zaidi ya 300: unga, mchele, makopo, vitu vya kabatini kwa watu wa kawaida. Mkono uliokataa kupakia silaha sasa ulikuwa ukipakia unga. Na makuli wakaonya kwamba mawasiliano na mashua zile yakikatika, hata kwa dakika ishirini, watasimamisha kazi.

Tarehe 22 Septemba wafanyakazi wengi wa Italia waligoma. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba jeshi la majini la Israeli lilianza kuzikamata mashua zile baharini, zaidi ya 40, pamoja na watu mia nne na zaidi waliokuwamo. Tarehe 3 Oktoba vyama vikubwa vya Italia vikaitisha mgomo wa nchi nzima. Treni zikasimama, shule zikafungwa, barabara zikajaa watu. Chakula kile cha mashua hakikufika Gaza. Sitaki kulificha jambo hilo, kwa kuwa yule mama angelinibana.

Wala gharama sitaificha. Huko Uswidi, chama cha makuli kilipotangaza mwanzoni mwa 2025 kwamba hakitashika mizigo ya kijeshi iendayo Israeli au itokayo huko, mmoja wa viongozi wake alifukuzwa kazi. Na mfanyakazi wa kiwanda cha silaha naye ana watoto, ana kodi ya nyumba. Ukimwambia aache kazi, mwambie pia atakula nini. Kwa sababu hiyo vyama vingi vilibishana ndani kwa ndani, na vingine viliona afadhali kuandika barua. Nchini Marekani vyama saba vikubwa vilimwandikia Rais Joe Biden tarehe 23 Julai 2024 vikimtaka asimamishe msaada wa kijeshi kwa Israeli. Barua si mgomo, lakini katika nchi ile, kwa vyama vile, hata barua ilikuwa safari ndefu.

Huko Israeli kwenyewe, shirikisho la Histadrut liliitisha mgomo wa nchi nzima tarehe 2 Septemba 2024, baada ya miili ya mateka sita kupatikana Gaza. Walitaka serikali yao ikubali mapatano ili mateka waliobaki warudi nyumbani. Mahakama ya kazi ikaamuru mgomo ukomeshwe siku ileile. Naitaja habari hii kwa kuwa mateka nao walikuwa na mama zao, na kwa kuwa mapatano hayohayo ndiyo ambayo mama wa Gaza alikuwa akiyangoja.

Limebaki jambo moja ambalo magazeti mengi yalilipita mbio, nalo ndilo la nyumbani kuliko yote. Kabla ya vita, wafanyakazi wapatao 18,500 wa Gaza walikuwa na vibali vya kufanya kazi Israeli, katika mashamba na majengo. Wa Ukingo wa Magharibi walikuwa wengi zaidi, wapata mia na hamsini elfu. Vita vilipoanza vibali vilifutwa au vikasimamishwa. Wengi walikuwa wamekwisha fanya kazi ya siku au majuma ambayo hawajalipwa. Tarehe 27 Septemba 2024 mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi vya kimataifa yalipeleka mashtaka mbele ya Shirika la Kazi Ulimwenguni, yakidai mishahara ya wafanyakazi zaidi ya 200,000 wa Palestina. Hapakuwa na maandamano wala mashua. Palikuwa na karatasi, tarehe na hesabu za siku zilizofanyiwa kazi. Ni kazi ya karani, lakini mshahara wa mtu ni chungu chake hasa. Baba aliyejenga ukuta mwezi wa Septemba na asilipwe mwezi wa Oktoba, watoto wake hawakungoja bomu ndipo wapate njaa.

Nilimrudia yule mama na haya yote, na safari hii sikuwa na haraka. Nilimwambia: kwa kontena lile la Fos, mtoto wa Gaza hakupata kitu chunguni, hata punje. Alichopata, kama alipata, ni tani 14 za vyuma ambazo hazikupanda meli ile siku ile. Labda zilipanda nyingine baadaye. Dunia ina bandari nyingi. Chakula kilihitaji njia kufunguliwa, na njia hufunguliwa na serikali, na serikali husukumwa. Makuli walisukuma kwa kile walichokuwa nacho.

Alisikiliza mpaka mwisho, ungo magotini.

"Na hilo kasha walilolikataa," akauliza, "waliliacha wapi?"

"Pale pale gatini, mama. Pembeni."

"Na yale mengine, yenye nguo na vyakula vya watu?"

"Yalipakiwa. Yakaondoka na meli."

"Kumbe walichagua," akasema, akaendelea na maharagwe yake.